Uzi: Meneja akikosoa vibaya, kazi inashuka badala ya kupanda. Tuchambue kinachotokea

Mkaguzi wa Zamu

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa wanaosimamia watu: masupavaiza, wakuu wa vitengo, mameneja wa matawi, hata mwenye duka mwenye vijana watano. Wanaosimamiwa nao wakae karibu, maana wao ndio wanaopokea.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya matokeo 607 ya tafiti za mrejesho, yaani mtu kuambiwa kazi yake ikoje. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, utendaji ulishuka. Mtu aliambiwa, akafanya vibaya kuliko ambavyo angefanya asingeambiwa kitu. Maelezo yao hayahusu sana ukali au upole wa maneno. Yanahusu macho ya mwambiwa yanaelekea wapi baada ya kuambiwa. Yakibaki kwenye kazi, kazi inarekebishika. Yakigeukia nafsi yake ("kumbe ananionaje?", "nitafukuzwa?"), akili inahama kazini na kwenda kujitetea.

Tuchukue stoo ya vifaa vya ujenzi. Lori la tani 30 limeshusha simenti, mifuko 600 ya kilo 50. Kadi ya stoo inasema 600. Asubuhi mkihesabu mnapata 585.

Meneja wa kwanza anamkuta mtunza stoo katikati ya makuli: "Kila siku wewe! Una matatizo gani? Watu kama nyie ndio mnafilisi kampuni."

Hebu tuipasue hiyo sentensi. "Kila siku" si kweli, na mwambiwa anajua si kweli, kwa hiyo kichwani anaanza kuhesabu siku zote alizopatia. "Una matatizo gani" ni swali lisilo na jibu. "Watu kama nyie" ni tuhuma ya wizi iliyofunikwa kanga. Hakuna neno hata moja linalosema kosa lilitokea hatua gani ya mapokezi. Lori lijalo kosa litakuwa palepale, na juu yake kutaongezeka moja kati ya mambo mawili. Ama atahesabu mara nne kwa makusudi, lori likae getini kwa muda wa saa mbili. Ama atajifunza kuilinganisha kadi na mzigo kimyakimya kabla meneja hajafika. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hasara inaendelea na karatasi inang'aa.

Meneja wa pili anamwita ofisini, mlango umefungwa: "Juma, kaa. Nazungumzia lori la jana jioni. Delivari noti umesaini saa 11:40. Makuli wamemaliza kushusha saa 12:15. Leo tumekuta 585. Kwa hiyo saini imetangulia hesabu. Ilikuwaje?"

Halafu ananyamaza. Hapo ndipo unasikia kwamba dereva alikuwa anawahi geti lisifungwe, na kwamba hakuna aliyewahi kusema kwa maandishi kuwa dereva anasubiri. Makubaliano yanakuwa mafupi: mifuko inapangwa mafungu ya 50, mafungu 12 yakitimia ndipo saini. Lori likichelewa kufika, linalala getini na noti inasainiwa asubuhi.

Juma wa meneja wa pili naye ataumia moyo, tusidanganyane. Ila ataumia akiwa na kitu cha kufanya.

Sasa mwili. Sally Dickerson na Margaret Kemeny walipitia tafiti 208 za maabara mwaka 2004 kuhusu kotisoli, ile homoni ya msongo. Iliyoipandisha kuliko zote ni hali yenye vitu viwili kwa pamoja: kupimwa mbele ya macho ya watu, na kutokuwa na namna ya kubadili matokeo. Hali hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu pia kushuka. Kufokewa mbele ya makuli kuna vyote viwili. Na kotisoli haifiki kileleni papo hapo. Inafika kama dakika 20 hadi 40 tangu tukio lianze. Kwa hiyo keshia uliyemkaripia saa 1:50 asubuhi, ukamfungulia kaunta saa 2:00, anakwenda kuhesabu pesa za watu mwili ukiwa ndiyo kwanza unapanda joto. Akikosea saa 2:15 usishangae. Makosa ya hesabu hayaambiwi kabla ya zamu, yanaambiwa ikiisha, au kabla ya mapumziko.

Utaratibu ninaoufundisha ni huu. Kabla ya kikao andika mistari mitatu: lini, alifanya nini au hakufanya nini, kilichotokea baadaye. Ukishindwa kuujaza mstari wa pili bila neno la tabia (mzembe, mvivu, mjeuri), bado hujawa tayari, rudi ukaangalie tena. Chukua jambo moja tu. Watafiti waliofuatilia vikao vya tathmini kule General Electric na kuchapisha mwaka 1965 walikuta wastani wa ukosoaji 13 kwa kikao kimoja, na maeneo yaliyokosolewa zaidi ndiyo yaliyoboreka kidogo zaidi. Mtu hawezi kubeba 13. Anabeba moja, mbili kwa shida.

Kwenye kikao, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Sema mistari yako mitatu, uliza "ilikuwaje?", funga mdomo. Wasimamizi wengi wanaharibu hapa, ukimya ukifika sekunde tano wanajijibia wenyewe. Malizeni kwa kitu kinachohesabika na tarehe. Halafu, na hii ndiyo inayosahaulika, rudi ndani ya siku saba ukaangalie, na kama kimerekebika useme kimerekebika. Usiporudi, kwake lile kosa bado liko hai.

---

Nyundo ya Chuma

Mkuu, haya ni ya vitabuni. Bongo mtu ukimsifia leo, kesho analegea. Ukimfokea, kesho yake kazi imenyooka. Mwenye macho haambiwi tazama.

---

Hesabu za Dukani

Nyundo, unachokiona ni kweli kinatokea. Sababu unayoipa ndiyo si yake.

Tuseme keshia ana shoti (pesa zinazopungua akifunga hesabu) za wastani wa sh. 2,000 kwa siku: leo 500, kesho 3,000, keshokutwa sifuri. Siku moja inatokea shoti ya 18,000. Unafoka. Kesho yake shoti ni 2,500. Unajipongeza. Lakini hata ungekaa kimya ukanywa chai, siku inayofuata kwa kawaida ingekuwa karibu na 2,000, kwa sababu 18,000 ilikuwa siku ya ajabu na siku za ajabu hufuatana mara chache. Kinyume chake nacho: siku aliyofunga bila shoti hata ya mia ukamsifia, kesho yake mara nyingi itaonekana mbaya zaidi, sifa haihusiki.

Daniel Kahneman aliwakuta wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel wakiamini hivyohivyo, kwamba kukaripia kunafundisha na kusifia kunaharibu. Alikuwa anawafundisha saikolojia, na hesabu ikawa hii hii.

Ukitaka kujua ukweli wa dukani kwako, chukua daftari. Andika shoti za kila siku kwa miezi mitatu. Weka alama siku ulizofoka. Kisha linganisha siku iliyofuata karipio na siku iliyofuata shoti kubwa ambayo hukuifokea (ulisafiri, hukuwepo, ulisahau). Kama kufoka kunasaidia, tofauti itaonekana.

Na uangalie kitu kingine. Keshia anayefokewa anaanza kuifidia shoti mfukoni mwake, au kubana chenji za wateja mia mia. Ripoti yako itasoma sifuri. Ukiona sifuri wiki tatu mfululizo kwenye duka lenye wateja 200 kwa siku, usifurahi haraka.

---

Nyundo ya Chuma

Hiyo ya chenji nakubali, ipo sana. Hiyo ya hesabu nitaipima.

---

Kaunta Namba 3

Wakuu mmeongea ya mabosi. Na anayekosolewa je? Meneja kafoka, kamaliza, kaondoka. Mtu amebaki na kaunta, wateja foleni, mikono inatetemeka. Afanyeje?

---

Bi Utumishi

Swali zuri dada, na lina sehemu mbili: dakika ile, na siku inayofuata.

Dakika ile usijitetee na usikubali yote. Sentensi moja inatosha: "Nimekusikia bosi, naomba nilifuatilie nikurudie kesho saa 4." Inakupa muda, na inamwonesha hujapuuza. Kama unashika pesa, dawa au mashine, omba dakika tano kabla ya kuendelea: choo, maji, rudi. Kisha fanya kwanza kazi isiyo na hatari, kama kupanga risiti, ndipo urudi kwenye kuhesabu. Usiingie kwenye grupu la marafiki kusimulia wakati bado umechemka. Kila ukirudia kusimulia, tukio linaanza upya kichwani.

Ukitulia, andika maneno aliyosema kama alivyoyasema, tarehe na saa. Kisha chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto weka yanayohusu kazi ("ripoti imechelewa siku mbili"), kulia yanayokuhusu wewe ("hujui kitu"). Mara nyingi upande wa kulia una maneno mengi na wa kushoto una moja. Hilo moja ndilo la kwenda nalo kesho. Mwulize mambo mawili: "Ni ripoti ipi hasa?" na "Ikiwa sawa inatakiwa ionekaneje?" Maswali haya yanamlazimisha hata bosi mkali kurudi kwenye kazi, bila wewe kumkosea adabu.

Baada ya mazungumzo tuma ujumbe mfupi wa maandishi: "Kama tulivyokubaliana leo, ripoti ya mauzo itakuwa kwako kila Jumatatu saa 3." Usiongeze maelezo wala malalamiko. Huo ndio ushahidi wako siku nyingine.

Nawaongezea wasimamizi dalili za kuonesha kwamba ukosoaji wako umeshaharibu. Mtu aliyekuwa anaamua mwenyewe sasa anauliza ruhusa ya kila kitu. Barua pepe ya mtu mmoja inanakiliwa kwa watu sita. Habari mbaya zinakufikia kwa mteja kabla ya mfanyakazi. Kwenye kikao hakuna swali, na kikiisha korido inachangamka. Anayefika saa 1:30 siku zote anaanza kufika saa 2:00 kamili na kutoka saa 10:00 kamili. Hajavunja sheria yoyote, amerudisha tu kile alichokuwa anakupa bure. Robert Baron alilichunguza hili mwaka 1988: waliokosolewa kwa jumlajumla, kwa vitisho na kwa kulaumiwa nafsi walikasirika zaidi, walikuwa tayari kukwepa kuliko kushirikiana, na walijiwekea malengo ya chini zaidi kwenye kazi iliyofuata. Malengo ya chini, wakuu. Hata asiponuna, ameshajipunguzia kipimo.

---

Mwana wa Pwani

Mimi nina la umri. Meneja ana miaka 29, katoka chuo. Fundi wa jenereta ana 57 na wajukuu. Hiyo "Juma, kaa" hapa haipiti.

---

Mkaguzi wa Zamu

Haipiti kabisa. Shikamoo inabaki shikamoo, cheo hakiifuti. Umfuate wewe alipo badala ya kumwita, na usimseme mbele ya vijana anaowafundisha kazi, maana pale unamvunjia ufundi wake wote. Unaweza kusema: "Shikamoo mzee. Nimekuja kwa jambo moja la jenereta namba 2. Mita inasoma saa 310, na oili tulipanga ibadilishwe kwenye 250. Naomba unieleze imekuwaje, tuone tunafanyaje."

Kuna mtego hapa, na Kiswahili chetu kinausaidia kutunasa. Tuna namna nyingi mno za kuzungushia jambo. "Mzee, lile nalo tungeliangalia angalia kidogo" ni adabu tupu isiyo na taarifa ndani yake. Mzee ataitikia "sawa mwanangu" kwa moyo safi, na jenereta itafika saa 400. Heshima iweke kwenye salamu, mahali, sauti na kumwomba maelezo. Namba usizivishe kilemba: 310 ni 310.

Hapohapo niseme ule mtindo wa kuficha kosa katikati ya sifa mbili. Unamsifu, unamkosoa, unamsifu. Mmoja anatoka amesikia sifa tu. Mwingine, baada ya mara tatu, ukianza tu kumsifu anashtuka anasubiri kofi. Sifa zipewe siku yake.

---

Kanuni na Taratibu

Naomba nitenganishe vitu ambavyo maofisini vinachanganywa. Kukosoa, kuonya na kuanzisha nidhamu si kitu kimoja, na mfanyakazi akishindwa kujua yuko kwenye kipi, hofu inakuwa kubwa kuliko kosa. Bosi anayeanza mazungumzo ya kawaida kwa "nitakuandikia barua ujieleze" ameshageuza mafunzo kuwa kesi.

Kwa Tanzania Bara, sekta binafsi, kuna Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwenye utendaji duni zinamtaka mwajiri aangalie kama mfanyakazi alikijua kiwango kinachotakiwa, kama kiwango chenyewe kinafikika, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Mwajiri achunguze sababu za kushindwa, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, aonye kwamba ajira inaweza kukoma hali isipobadilika, na kabla ya uamuzi aite kikao ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Aliyeachishwa anayeona ameonewa ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Kinachowaangusha waajiri wengi pale CMA ni hiki: wamefoka miaka miwili, hakuna karatasi. Usuluhishi haupimi sauti ulipandisha mara ngapi. Unauliza kiwango kilikuwa kipi, ulimwambia lini, alipewa muda gani. Ile mistari mitatu ya Mkaguzi, ikiwa na tarehe na saini mbili, inafanya kazi zote mbili.

---

Mtu wa Nakuru

Kenya nayo iko karibu na hapo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utendaji mbaya au utovu wa nidhamu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na umsikilize. Hapo kwa "lugha anayoielewa" pana uzito. Meneja anatema Kiingereza cha ripoti kwa mtu wa mashine, mtu anasema "yes sir", hakuna kilichoeleweka, na wiki ijayo kosa ni lile lile. Mwambie arudie kwa maneno yake mlichokubaliana. Akishindwa kurudia, kikao hakijaisha.

---

Mtumishi Halmashauri

Na sisi wa PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma? Zamani OPRAS, mapitio ya nusu mwaka Desemba na tathmini Juni. Msimamizi anakaa kimya miezi yote halafu Juni anamwaga.

---

Bi Utumishi

Mfumo unabadilika, tabia ya kuweka akiba ya lawama haibadiliki. Shida ya kumwaga Juni ni kwamba kosa la Septemba haliwezi kurekebishwa tena, limebaki kuwa hukumu tu. Hiyo ndiyo ile hali ya "huna namna ya kubadili" aliyoitaja Mkaguzi.

Wale watafiti wa General Electric walitoka na pendekezo ambalo bado ni zuri: mazungumzo ya alama, mshahara na cheo yasifanyike siku moja na mazungumzo ya kuboresha kazi. Mtu anayesubiri kusikia alama yake hasikii kitu kingine. Kwa halmashauri, kaa na mtumishi dakika 15 kila mwezi kwa kazi moja au mbili alizoziingiza kwenye mfumo, uandike mlichosema. Kipimo changu kwa msimamizi ni kimoja: tathmini ya mwisho isiwe na jambo hata moja ambalo mtumishi analisikia kwa mara ya kwanza. Likiwepo, kasoro ni ya msimamizi, na kwa maoni yangu lisihesabiwe kwenye alama mwaka huo.

Mtumishi naye asisubiri kuitwa. Mwezi ukipita bila kikao, peleka kazi moja mkononi: "Afisa, naomba dakika kumi uniambie hii ingekuwa bora zaidi wapi." Ukimwuliza kuhusu kazi, atajibu kuhusu kazi.

---

Kaunta Namba 3

La mwisho kutoka kwangu. Grupu la WhatsApp la tawi. Saa 4 usiku meneja anaweka picha ya ripoti yenye kosa, anaizungushia duara jekundu, anaandika "NANI KAFANYA HII?" Watu 34 wanasoma.

---

Mkaguzi wa Zamu

Hiyo ina kila kitu kisichofaa: mashahidi, usiku, hakuna nafasi ya kujibu, na picha ambayo haifutiki vichwani mwa watu. Kinachofuata asubuhi ni watu 34 kufuta na kuandika upya ripoti zao kwa woga, na yule mmoja mwenye kosa kukaa kimya zaidi ya wote.

Grupuni panawekwa kanuni, kosa la mtu haliwekwi. "Kuanzia kesho, safu ya marejesho ijazwe kabla ya kufunga siku, mfano sahihi huu hapa," na unaweka picha ya ripoti iliyo sawa. Mwenye kosa unampigia asubuhi, akishakunywa chai.

Na kama umeshaituma hiyo picha, ifute, kisha palepale grupuni, kwa kuwa ulikosea palepale, andika: "Ujumbe wa jana usiku haukustahili kuwekwa hapa. Nitaongea na mhusika." Usiongeze neno "lakini" baada yake.